Siri ya Raia na Uwazi wa Serikali

Sisi tufundishao watoto huona darasani mambo mengi ambayo watu wazima huyafanya kwa ukubwa wao na kuyapa majina ya heshima. Kila mwanzo wa mwaka darasa huchagua kiranja wake. Zamani tulikuwa tukiwaambia watoto wanyoshe mikono: nani amtaka huyu, na nani amtaka yule? Kazi ikaisha kwa dakika mbili, na karibu kila mara aliyechaguliwa alikuwa mtoto mwenye ngumi nzito kuliko wenzake, au yule ajaye na maandazi mfukoni. Hatukuona ajabu, tulidhani ndivyo darasa lipendavyo. Asubuhi moja, tulipokwisha kuihesabu mikono, mmoja wetu alishauri tujaribu njia nyingine. Tukawagawia watoto vipande vya karatasi, kila mtoto aandike jina bila kuonwa, akitie katika kofia. Tulipozikunjua karatasi zile, tuliona jina la msichana mpole akaaye nyuma, ambaye robo ya saa nyuma alikuwa amenyoshewa mikono mitatu tu. Watoto walikuwa wale wale, na saa ilikuwa karibu ile ile. Kilichobadilika ni kimoja: jicho la mwenye ngumi halikuona.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali ambalo si la watoto peke yao. Je, mtu amchaguaye kiongozi ana haki ya kulificha chaguo lake? Au kuficha ni woga, na mtu mwema hana haja ya kificho? Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na sote tulifundishwa utotoni kuwa jambo jema hufanywa mchana mbele ya watu. Basi kwa nini tendo hili, ambalo ni kubwa katika matendo ya raia, lifanywe nyuma ya pazia?

Twauliza hivi kwa sababu kila uchaguzi ukaribiapo hofu mbili huanza kutembea njiani. Ya kwanza ni hofu ya mkono wa serikali: kwamba wenye mamlaka watavuka mipaka yao, watatumia polisi na machifu na maofisa kuwasukuma watu upande wautakao wao. Ya pili ni hofu ya hila: kwamba watu watapiga kura, lakini hesabu itaandikwa kwingine. Hofu hizi hutembea sokoni, kisimani na ndani ya mabasi, na siku hizi hutembea upesi zaidi katika simu za mkononi. Wako wazichekao zote, wakisema ni porojo za wasio na kazi. Wako pia waziaminio zote, hata zile zisizo na kichwa wala miguu. Ni kweli kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Lakini mwenye akili hatoki mbio kwa kila lisemwalo. Hana budi kuwa na kipimo, ajue ipi ni hofu ya haki na ipi ni hofu ya kutiwa. Kipimo hicho ndicho tukitafutacho, na twadhani kimeonekana wazi katika habari za Kenya za miaka ya 1986 hata 1990.

Mwaka 1982 Bunge la Kenya liliandika katika katiba kwamba chama cha siasa ni kimoja tu, nacho ni KANU. Uchaguzi haukukoma kwa hayo. Wanachama kadhaa waliweza kushindania kiti kimoja, na wananchi wakachagua kwa kura ya siri. Na kwa njia hiyo hata mawaziri waliangushwa. Lakini mwezi wa Agosti 1986 chama kilikata shauri kwamba kura ya kuwachuja wagombea isipigwe tena kwa karatasi. Wanachama wangepanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, au nyuma ya wakala wake aliyeishika picha yake, na hapo wangehesabiwa kichwa kwa kichwa. Watu wakauita mpango huo mlolongo. Tena ikawekwa kanuni ya pili: mgombea aliyepata 70 kwa 100 au zaidi ya watu wote waliopanga mstari alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, wala hakuwa na haja ya kwenda mbele ya sanduku la kura ya siri.

Mlolongo haukuja peke yake. Mwaka huo huo wa 1986 katiba ilibadilishwa, na Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali wakavuliwa kinga iliyowazuia kufukuzwa kazi ovyo. Na mwaka 1988 majaji nao wakavuliwa kinga hiyo. Yaani katika miaka ile ile raia alipoamriwa atoke hadharani, wale ambao wangeweza kusimama kati yake na serikali waliwekwa mahali pa kuogopa. Mambo haya mawili yafaa yatazamwe pamoja.

Wako waliokataa mapema. Mwezi ule ule wa Agosti 1986 wachungaji waliokusanyika chini ya Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya waliupinga mlolongo wazi wazi. Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari, na kasisi Timothy Njoya, ni katika watu walioendelea kusema bila kificho juu ya mambo ya utawala miaka ile. Si vigumu kuona kwa nini viongozi wa dini walikuwa wa kwanza kuumia. Mchungaji akisimama uwanjani nyuma ya picha ya mtu mmoja, Jumapili atawahubiri vipi wale waliosimama nyuma ya picha nyingine? Mwalimu naye ni hivyo hivyo: watoto wa wagombea wote wamo darasani mwake.

Mwezi wa Februari 1988 mistari ikapangwa, na tarehe 21 Machi uchaguzi mkuu ukafanywa. Habari zikaenea nchini kwamba mahali pengi mwenye mstari mfupi alitangazwa kuwa ndiye mshindi, na mwenye mstari mrefu akarudi nyumbani ameshindwa. Gazeti la Beyond, lililokuwa la Baraza la Makanisa, liliandika juu ya hila hizo, na mwezi wa Machi uo huo likapigwa marufuku. Mwezi wa Desemba 1988 waziri mmoja, Kenneth Matiba, alijiuzulu akilalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa ndani ya chama. Mwaka 1990 kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais, George Saitoti, ilizunguka kuwasikiliza wananchi, na mwezi wa Desemba mwaka huo chama chenyewe kikaufuta mlolongo pamoja na kanuni yake ya 70 kwa 100.

Sasa msomaji na alitazame jambo hili polepole, maana lina ajabu ndani yake. Mlolongo uliletwa kwa jina la uwazi. Ilisemwa kwamba kila mtu ataona kwa macho yake, na kitu kilichoonwa na wote hakiwezi kuibwa. Lakini ni nini kilichowekwa wazi? Moyo wa raia. Huo ndio ulioletwa uwanjani uonwe na chifu, na mwajiri, na mdai, na jirani. Na ni nini kilichobaki gizani? Hesabu. Wasimamizi wa uchaguzi walikuwa maofisa wa utawala wenyewe, na mkuu wa wilaya ndiye aliyetangaza. Karatasi iliyotiwa katika sanduku yaweza kuhesabiwa leo na kuhesabiwa tena kesho mbele ya jaji. Mstari wa watu ukivunjika hapana awezaye kuuhesabu tena. Aliyeona watu 500 na kusikia ikisomwa 200 atatoa ushahidi gani? Atasema, "Niliona." Naye ofisa atasema, "Mimi pia niliona." Ndiko kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Hapa ndipo tuonapo kipimo chetu. Katika uchaguzi kuna vitu viwili: moyo wa mchaguaji, na hesabu ya waliochagua. Siri ni haki ya cha kwanza, na uwazi ni wajibu wa cha pili. Siri ni ya raia kwa sababu yeye ni mnyonge mbele ya serikali. Uwazi ni wa serikali kwa sababu yeye ni mwenye nguvu mbele ya raia. Vitu hivi viwili vikibadilishana mahali, raia akawa wazi na serikali ikawa na siri, dhuluma imekwisha kuingia, hata kama hapana fimbo iliyoinuliwa.

Hata hivyo si haki kuwahukumu watetezi wa mstari bila kuwasikiliza, maana wana maneno matatu yenye uzito.

Neno la kwanza ni la desturi. Husema kwamba wazee wetu walikaa chini ya mti wakasema wazi mbele ya wote, na siri ni mambo ya kigeni. Nasi twaiheshimu baraza ya wazee. Lakini watu hawakwenda barazani kuhesabiwa, walikwenda kusemezana. Mtu aliyesema hili asubuhi aliweza kusema lile jioni baada ya kusikia hoja za wenzake, na shauri halikufungwa mpaka mioyo ikutane. Mstarini hapana anayesemezana na mtu. Tena tukiwa wakweli, hata barazani wako wengi ambao hawakusema kamwe: wanawake, vijana, na wageni waliopewa shamba la kulima kwa hisani. Kimya chao hakikuwa ukubali.

Neno la pili ni la wizi. Husema kwamba sanduku laweza kujazwa karatasi za uongo usiku, lakini mtu wa uongo hawezi kusimama mstarini. Neno hili lina kweli, na katika kijiji kidogo, ambako watu wote wajuana na cheo kinachogombewa ni kidogo, mstari waweza kuonekana kuwa ni njia rahisi isiyo na gharama. Uganda waliwachagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mstari mwezi wa Julai 2018. Lakini kadiri cheo kinavyokuwa kikubwa ndivyo faida ya kumtisha raia inavyokuwa kubwa. Na Kenya ya 1988 yatuonyesha kwamba mwizi aliyezuiwa mlango wa sanduku aliingia kwa mlango wa kinywa cha mtangazaji. Dawa ya wizi ni kumchunga ahesabuye. Kumvua nguo apigaye kura hakumzuii mwizi.

Neno la tatu ni la ushujaa, nalo ndilo litupalo taabu zaidi. Husema kwamba mtu asiyethubutu kusimama na chaguo lake hastahili kuchagua. Nasi twawasifu mashujaa. Laiti wangekuwa wengi. Lakini ushujaa ni sadaka, na sadaka haitozwi kama kodi. Mjane ambaye kipande chake cha shamba chategemea neno la chifu, je, twamdai ahatarishe chakula cha watoto wake ili kura yake ihesabiwe kuwa ya kweli? Karani ambaye uhamisho wake uko mezani kwa mkubwa wake, tumwambie nini? Nchi yenye haki ni ile ambayo mtu wa kawaida, asiye shujaa, aweza kusema kweli yake akarudi nyumbani akala chakula cha jioni kwa amani.

Msomaji asidhani kwamba shauri hili ni la Afrika peke yake. Uingereza wenyewe walikaa miaka mingi wakipiga kura kwa kinywa. Mtu alipanda jukwaani akalitaja jina la amtakaye mbele ya umati, nalo likaandikwa katika daftari. Na daftari hizo zilichapwa na kuuzwa, hata kila bwana aliweza kusoma wapangaji wake wamemchagua nani. Baada ya uchaguzi wa 1868, katika nchi ya Wales, wako wakulima waliofukuzwa katika mashamba waliyopanga kwa kuwa kura zao hazikuwapendeza mabwana zao. Waaustralia walikuwa wametangulia: mwaka 1856 majimbo ya Victoria na South Australia yaliweka sheria ya kura ya siri. Waingereza wakafuata mwaka 1872, na mji wa Pontefract ukawa wa kwanza kwao kumchagua mbunge kwa njia hiyo, tarehe 15 Agosti.

Lakini haikupita bila mabishano, na katika wapinzani alikuwamo mtu ambaye hatuwezi kumwita mtetezi wa mabwana. John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyeutetea uhuru wa mtu kuliko wengi wa zama zake, aliandika mwaka 1861 katika kitabu chake juu ya serikali ya uwakilishi kwamba kura yapasa kupigwa wazi. Hoja yake ni hii: kura si mali ya mpigaji, bali ni amana aliyopewa kwa ajili ya watu wote, hata wale wasio na kura, na mwenye kushika amana ya watu hana haki ya kuificha kazi yake machoni pao. Akamfananisha mpiga kura na mmoja wa wazee wa juri, ambaye hawezi kutoa hukumu kwa kuifuata tamaa yake, bali kwa kuifuata haki kama aionavyo.

Twakiri kwamba hoja hii ilitusimamisha. Ni kweli kwamba kura ni amana. Apigaye kura kwa sababu ya kilo moja ya sukari, au kwa kuwa mgombea ni wa ukoo wake, ameikhini amana hiyo, hata kama hapana aliyemwona. Lakini mfano wa Mill mwenyewe wamjibu. Wazee wa juri wakitaka kukata shauri hawakai uwanjani mbele ya mshitakiwa na ndugu zake. Huingia katika chumba, na mlango hufungwa. Kwa nini? Kwa sababu kila ajuaye maana ya hukumu ajua kwamba jicho la mwenye nguvu hupindisha mizani. Amana yataka moyo ulio huru, na kwa watu wengi moyo hauwi huru mpaka mlango ufungwe. Tena yafaa kuuliza: katika mstari, ni nani hasa atazamaye? Mill aliwaza macho ya umma. Macho yaliyokuwa uwanjani mwaka 1988 yalikuwa macho ya ofisa na ya mwenye fedha. Umma haukuwa ukitazama. Umma ulikuwa umepanga mstari.

Katika jambo hili Tanzania ilifanya tendo ambalo twaliona kuwa jema. Mwaka 1965, nchi ikiwa ya chama kimoja, wagombea wawili walishindana katika jimbo, na mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Watu wengi hawakujua kusoma. Kama karatasi ingekuwa na majina tu, asiyejua kusoma angelazimika kumwomba ofisa amwonyeshe, na siri yake ingekwisha hapo hapo. Kwa picha ya jembe na picha ya nyumba, kila mtu aliweza kuchagua peke yake. Yawezekana kuuliza maswali mengi juu ya uchaguzi wa chama kimoja, lakini waliobuni alama zile walielewa kwamba siri ni haki ya asiyesoma sawasawa na asomaye.

Turudi darasani kwetu. Karatasi zilipokwisha kukusanywa katika kofia, mwalimu alitaka kuzichukua ofisini azihesabu kwa utulivu. Mtoto mmoja akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, zisome hapa, sote tuone." Hakukusudia ujeuri. Alikuwa ameona nusu ya pili ya jambo, ambayo sisi tulikuwa hatujaiona. Siri ikisha kumlinda mwandishi wa karatasi, kazi yake imekwisha. Kutoka hapo karatasi ni mali ya darasa zima. Mwalimu akaketi, akazisoma moja moja, na mtoto mmoja akapiga mistari ubaoni.

Nusu hii ya pili nayo Kenya iliijua kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 walikufa katika fujo, na tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilisema mwaka 2008 kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika hata haiwezekani kujua kwa hakika nani alishinda urais. Watu walikuwa wamepiga kura kwa siri, kama ipasavyo. Lakini njia kati ya kituo cha kura na mahali pa kutangazia ilikuwa ya giza, na gizani kila mtu aliona alichokuwa akikiogopa. Katiba ya 2010 ikaandika kwamba uchaguzi uwe wa kura ya siri, tena uendeshwe kwa uwazi. Haya mawili yakawekwa pamoja katika sheria moja. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais uliofanywa Agosti 8, majaji 4 wakikubaliana na 2 wakikataa, hasa kwa kuwa njia ya kupeleka matokeo haikufuata sheria wala haikuweza kukaguliwa sawasawa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka katika intaneti fomu za vituo vyote, zaidi ya 46,000, hata mtu yeyote aliyetaka kujumlisha aliweza kujumlisha mwenyewe. Ugomvi haukuisha, na baadhi ya makamishna wenyewe walitofautiana. Lakini ugomvi ule ulipelekwa mahakamani ukiwa na karatasi mkononi, na hilo ni jambo kubwa.

Basi kipimo chetu ndicho hiki, na kila msomaji aweza kukitumia habari za hofu zikimfikia kabla ya uchaguzi. Na aulize maswali mawili. Je, jambo hili laufunua moyo wa raia? Je, laifunika hesabu? Watu wakipita nyumba kwa nyumba kuandika namba za vitambulisho na kuuliza kila mmoja atampa nani, hofu hiyo ni ya haki. Mawakala wakifukuzwa katika chumba cha kuhesabia, hofu hiyo ni ya haki. Intaneti ikizimwa nchi nzima usiku wa kuamkia kura, kama ilivyofanywa Uganda mwezi wa Januari 2021, hofu hiyo ni ya haki, maana taa imezimwa mahali pa hesabu. Lakini habari ikiwa haigusi moja katika haya mawili, bali yasema tu kwamba watu wa kabila fulani au dini fulani wana shauri baya, hapo ndipo tuogope aliyeileta kuliko habari yenyewe. Hofu ya namna hiyo mara nyingi hutiwa makusudi, ili watu wakimbilie kwa mwenye nguvu na kumkabidhi wenyewe kile ambacho asingeweza kuwanyang'anya.

Wala tusidhani kwamba serikali peke yake ndiyo iwezayo kuivunja siri. Siku hizi mnunuzi wa kura humwambia muuzaji aipige picha karatasi yake kwa simu akiwa katika kibanda, ailete kama stakabadhi. Siri ilimtesa sana mnunuzi, kwa kuwa hakujua kama amepewa alichokilipia. Kwa picha ile mpiga kura amepanga mstari upya, mstari wa mtu mmoja. Kadhalika mume amlazimishaye mkewe kusema amemchagua nani, na wazee waapishao vijana kabla ya kura, na mwajiri aulizaye kwa kicheko, na sisi walimu tuwaulizapo watoto baba zao wamempa nani. Sote twafanya kwa udogo kazi ile ile ya uwanja wa 1988. Moyo wa mtu una mlango, na yatupasa tubishe hodi. Tusipokaribishwa turudi.

Tulipomaliza kusoma karatasi zile darasani, mtoto mwenye ngumi alitazama ubao kwa muda, akahesabu mistari kwa kidole, akahesabu tena. Hakufurahi, lakini hakuwa na la kusema, maana alikuwa ameona kila karatasi ikitoka katika kofia. Akataka kujua ni nani waliomnyima. Tukamwambia kwamba hilo hata sisi hatulijui. Akaketi. Msichana akaja mbele akapokea ufunguo wa kabati la vitabu, na mchana ule ule tuliwaona wawili hao wakibeba madaftari pamoja kuyapeleka ofisini.